Kiti cha Zamani, Simili Mpya

Gari la zamani linapoingizwa garaji ili lifufuliwe, anayeitwa kwanza ni fundi wa injini. Baada yake huja wa bodi na rangi. Fundi wa viti huitwa mwisho kabisa, pesa zimeshaisha, na huambiwa afanye haraka. Ndiyo maana, katika kazi nzima ya kufufua gari, ndani ndimo mnamoharibiwa upesi kuliko kwingine. Simili, yaani ngozi bandia ya viti, iliyopasuka inachanwa kwa kisu na kutupwa, vilivyokuwa chini yake vinafuata, zulia jekundu linabandikwa kwa gundi sakafuni, dashibodi inakatwa ili redio mpya ipate nafasi, na jioni hiyo hiyo mwenye gari anakaa ndani akifurahi. Leo nataka tuzungumze juu ya uamuzi huo ambao watu huufanya kwa nusu saa: ndani ya gari la zamani, tubaki na vitu vya asili au tuweke vingine? Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao. Cha asili ni kile kilichomo ndani ya gari hilo leo, hata kama kimechakaa, na hata kama kiliongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Hicho ndicho cha kuokoa kwanza. Kilichopotea kifanywe upya na fundi wa hapa, waziwazi, bila kudanganya mtu, na kwa namna ambayo kesho kitaweza kuondolewa pasipo kuacha kovu.

Swali hili linaweza kuonekana la matajiri wa mbali, watu wenye gari la Jumapili na gari jingine la siku za kazi. Lakini katika ukanda wetu huu wa Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, kisha kuteremka na barabara ya taifa namba 5 kupitia Makobola hadi Baraka, gari la zamani halijawahi kuwa pambo. Ni Land Rover yenye bodi ya alumini, ni Toyota Land Cruiser ya safu ya 40, ile iliyotengenezwa tangu 1960 hadi 1984, ni Peugeot 404 au 504, ni Volkswagen yenye mgongo wa kobe. Yaliyobaki ni machache. Vita vya 1996 vilianzia Kivu Kusini, na Uvira ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuanguka, mwezi wa Oktoba mwaka huo. 1998 vikaja vingine. Katika mawimbi ya namna hiyo gari ni kati ya vitu vya kwanza kuchukuliwa, kwa sababu lina magurudumu na linabeba vilivyoporwa. Halafu yakaja maji. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba za watu, na miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda likaingia mitaani, likapanda tena 2024. Maji yakiingia ndani ya gari hulowesha sakafu kwanza, kisha zulia, kisha matandiko ya viti, kabla hayajafika kwenye injini. Kwa hiyo gari la zamani la Uvira linapofika kwa fundi wa viti, mara nyingi limeshapoteza nusu ya vilivyokuwa ndani yake. Hatuwezi kulijadili kana kwamba limetoka katika chumba kikavu cha makumbusho huko Ulaya.

Ushahidi wangu wa kwanza ni meli, nayo inajulikana katika bandari zote za ziwa hili. Liemba ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui, na kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito, kwa tumaini la kuirudia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya, jina la kale la ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 mtambo wa mvuke ukaondolewa, ukawekwa wa dizeli. Mwaka 1993 ikakarabatiwa kwa fedha za Denmark, ikabadilishwa tena mitambo na sehemu za abiria. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia, pamoja na meli nyingine, kuwarudisha nyumbani Wakongo waliokuwa wamevuka ziwa kukimbia vita, watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikawachukua Warundi kutoka Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Sasa nauliza. Mtu akisema tuirudishe Liemba ndani mwake iwe ya asili, anataka asili ya siku gani? Ya 1915, ilipokuwa chombo cha vita chenye mzinga sitahani? Ya 1927, ilipokuwa meli ya abiria chini ya Waingereza? Au ya 1997, wakati sakafu zake zilipolaliwa na akina mama wa Uvira na Fizi waliokuwa wakirudi na watoto mgongoni? Mimi sidhani kuna mtu wa ufuko huu atakayenyoosha kidole na kusema kwamba mwaka 1915 ndio wa kweli na yote yaliyofuata ni uchafu wa kusugua. Meli ile ni ya asili kwa sababu bamba zake za chuma ni zile zile zilizotoka Papenburg, na juu ya bamba hizo kila kizazi kimeongeza lake. Ukiyafuta yaliyoongezwa, unapata meli safi isiyokuwa na abiria hata mmoja katika kumbukumbu yake. Na hata hivyo nakiri kwamba kuna kitu kilipotea pale mtambo wa mvuke ulipotolewa, mtambo uliokaa chini ya maji miaka minane na ukafanya kazi tena karibu miaka 50. Kuongeza ni jambo moja, kuondoa ni jingine, nami naona tofauti hii ndiyo inayosahauliwa garaji.

Rudini nami kwenye gari. Chukulieni Land Cruiser iliyotoka Japani ikiwa na viti viwili mbele na nyuma tupu, kisha fundi seremala, miaka ya Zaïre, akaifungia mabenchi mawili ya mbao ubavuni ili ibebe abiria na magunia ya muhogo. Mbao zimelainika kwa kukaliwa, misumari imeng'aa. Anakuja mwenye gari wa leo amebeba picha ya kiwandani, anasema mabenchi hayo si ya asili, yang'olewe. Kwa kipimo cha kiwanda anasema kweli. Kwa kipimo cha gari lenyewe anakosea, kwa sababu mabenchi hayo yameishi ndani ya gari hilo miaka mingi kuliko kitu chochote alichonacho kwenye picha. Yanatueleza barabara ilikuwaje, abiria walikaaje, seremala wa hapa alikuwa na mbao gani na akili gani. Yakitupwa, hakuna kiwanda duniani kitakachoyatengeneza upya. Kiti cha Toyota kinaweza kuagizwa. Benchi la seremala wa mtaa wa Kakombe haliagiziki.

Fikra hii haikutoka kichwani mwangu peke yangu. Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililoundwa mwaka 1966 na linalohesabu gari kuwa la kihistoria likishatimiza miaka 30, lilipitisha mwaka 2012 hati iitwayo Hati ya Turin. Hati hiyo iliandikwa kwa kufuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964, inayohusu majengo ya kale, na ile ya Barcelona ya 2003, inayohusu vyombo vya majini vya jadi ambavyo bado vinafanya kazi. Ndiyo maana sikuona haya kuanza na meli. Mambo yake makuu ni mepesi kusema: kutunza kuje kabla ya kufufua, mabadiliko yaliyolipata gari katika maisha yake ni sehemu ya historia yake, kipande kipya kiweze kutambulikana kuwa kipya, na kazi ifanywe kwa namna inayotenduka. Neno hilo la mwisho ndilo ningependa kila fundi wa viti wa mji huu alishike. Swali la kuuliza kabla ya kushika mkasi lisiwe tu kama kitu ni cha asili au si cha asili. Aulize: nikishafanya hivi, je, yupo atakayeweza kukitendua?

Kuna udanganyifu mmoja unaopita bila kuulizwa, nao unaligusa soko letu moja kwa moja. Mtu mwenye Peugeot 504 anaagiza kutoka Ulaya seti kamili ya vitambaa vya viti, imeshonwa juzi, inafika kwa ndege hadi Bujumbura au kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa barabara hadi ziwani, inalipiwa ushuru, na inapofungwa garini mwenyewe anasema: sasa ndani ni asili. Si asili. Ni nakala. Kitambaa kilichoshonwa mwaka huu Ulaya hakikuwahi kuwa ndani ya gari hilo, kama vile simili iliyoshonwa mwaka huu Uvira haikuwahi kuwemo. Zote mbili ni mpya. Tofauti ni kwamba moja inajifanya ya zamani na nyingine haijifanyi. Ukinibana nichague kati ya nakala hizo mbili, nitachagua ya fundi wa hapa, na sababu yangu haitokani na uzalendo. Fundi wa hapa anapima kiti kile kile kilichopo mbele yake, chenye springi zilizolala upande wa dereva na fremu iliyopinda kidogo, wakati seti ya kuagizwa imekatwa kwa kiti cha wastani ambacho hakipo popote. Ipo pia hesabu ya fedha: gharama ya seti, usafiri na ushuru inamaliza pesa ambazo zingeweza kumlipa fundi kwa wiki nzima za kazi ya subira, kazi ya kufumua mishono badala ya kuchana.

Nimesema kufumua, na hapa naomba tukae kidogo. Kitambaa cha zamani cha kiti, hata kikiwa matambara, ndicho kipimo pekee cha kweli cha kiti hicho. Fundi anayekifumua mshono kwa mshono, akakilaza mezani na kukipiga pasi ya uvuguvugu, anapata umbo la kila kipande, mahali pa kila mkunjo, upana wa kila mfereji wa kushonea. Akikata simili mpya juu ya kielelezo hicho, kiti kinarudi umbo lake bila kubahatisha. Aliyekichana kwa kisu ametupa kipimo, na baada ya hapo atakisia; ndiyo maana viti vingi vilivyoshonwa upya vina mikunjo kama shati la kuazima. Mishono yenyewe inasema mengi. Uzi wa pamba uliooza utaonyesha kazi ya kwanza, uzi wa nailoni utaonyesha ukarabati wa baadaye, na viraka vitaonyesha ni wapi dereva alikuwa akipandia na kushukia.

Tena, vitu vya kiwandani vilikuwa na sababu ambazo hatuzioni mpaka tumeviondoa. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na bodi yake ilitengenezwa kwa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Watu wanajua kwamba alumini haishiki kutu, wakadhani gari zima liko salama. Lakini chassis ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria, pamoja na visanduku vya kuwekea miguu, ni vya chuma pia. Kiwanda kiliweka sakafuni mkeka wa mpira tu, unaonyanyuliwa kwa mkono mmoja, ukaoshwa na kuanikwa. Anayeubadilisha kwa zulia lenye sponji nyuma, lililobandikwa kwa gundi, ameweka kitambaa cha maji juu ya chuma, katika mji ambao mvua ikinyesha barabara inakuwa mto. Zulia litabaki zuri juu huku chuma kikioza chini yake kimyakimya. Hapo cha asili kinashinda kwa akili, kwa kuwa aliyekibuni alifikiria matope.

Viti vya Volkswagen na vya Mercedes vya wakati ule ni fundisho jingine. Chini ya simili kulikuwa na tandiko la makumbi ya nazi na singa za farasi, vilivyoshikanishwa kwa utomvu wa mpira, juu ya springi. Tandiko hilo linapitisha hewa. Jasho la mgongo linapata pa kwenda, na kiti hakizami. Sponji ya kisasa, ile inayokatwa kutoka kwenye godoro, ni laini siku ya kwanza na inapendeza, lakini joto na unyevu huivunjavunja. Baada ya miaka michache inakuwa unga wa manjano unaomwagika chini ya kiti. Hapa mtu ataniuliza, na ana haki: makumbi tutayapata wapi, sisi ambao kandokando ya ziwa letu kumejaa michikichi wala si minazi? Zipo njia mbili. Ya kwanza, tandiko la zamani lililo zima likaushwe, lipigwe vumbi, lirudishwe, na sehemu zilizolegea tu ziongezwe. Ya pili, kama limekwisha kabisa, sponji ngumu itumike, ikiwa imezungushiwa kitambaa ili isisuguane na springi, na fundi asiseme kwamba ni kitu kingine. Badala iliyokubaliwa kuwa badala haimdhulumu mtu.

Lakini lipo tandiko ambalo sitalitetea hata kidogo. Gari likilala ndani ya maji ya mafuriko, matandiko ya viti yamenyonya kila kilichokuwamo mtaani siku hiyo: vyoo, matope, mafuta. Katika mji wenye historia yetu ya kipindupindu, tandiko kama hilo litolewe na lichomwe, liwe makumbi ya mwaka 1962 au sponji ya mwaka jana. Fremu ipigwe brashi na kupakwa rangi, springi zioshwe, simili ioshwe kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Mwili wa mtu atakayekaa pale unatangulia.

Nije kwenye usukani, ambao wengi wetu tunauita volani, maana hapa pana ugomvi wa kweli. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kama Burundi na Rwanda. Tanzania wanaendesha kushoto. Gari lililovuka ziwa kutoka Kigoma linakuja na usukani wa kulia. Je, kuuhamishia kushoto ni kuharibu asili? Jibu langu linategemea gari lenyewe. Land Rover za safu ya kwanza na ya pili zilitengenezwa na saa za dashibodi katikati, si mbele ya dereva, na ukuta wa mbele ulikuwa na nafasi ya usukani pande zote mbili, kwa makusudi, ili gari moja liuzwe katika nchi zote. Hata jaribio la kwanza kabisa, mwaka 1947, lilikuwa na usukani katikati kama trekta. Ni safu ya tatu, ya 1971, iliyosogeza saa zikawa mbele ya dereva. Katika gari la namna hiyo ya kwanza, kuhamisha usukani kwa vipuri vyake halisi ni kazi inayotenduka, na dereva atakayeona gari linalokuja kabla ya kulipita lori lililo mbele yake atashukuru. Lakini katika gari ambalo kuhamisha kunadai ukate ukuta na kuunga dashibodi mbili kwa moto wa kulehemu, msimamo wangu ni kwamba usukani ubaki ulipo, gari liendeshwe taratibu, na mwenye haraka anunue gari jingine. Kuunga kubaya kwa usukani ni hatari kubwa kuliko usukani wa upande usiozoeleka.

Kuhusu redio, sitapoteza muda. Dashibodi isikatwe. Redio ya kisasa inaingia katika kijisanduku cha kuwekea karatasi mbele ya abiria, na nyaya zake zinapita chini ya mkeka.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Gari nyingi za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani bila mikanda, hasa nyuma. Mkanda wa kufungwa sehemu tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikaruhusu viwanda vingine viutumie. Viwanda vingi vilichelewa sana. Mtu atasema: kwa hoja yako ya asili, tumwache mtoto bila mkanda? Hapana. Hapa kanuni yangu ya kutoacha kovu inavunjwa, nami naivunja kwa macho wazi. Mkanda ufungwe, lakini ufungwe kwenye chuma cha kubeba mzigo, ukiwa na bamba la kuimarisha upande wa pili, maana mkanda uliofungwa kwenye bati jembamba la sakafu unang'oka siku unapohitajika. Tundu mbili tatu zilizotobolewa vizuri, zikaandikwa katika karatasi za gari, ni kovu ambalo hakuna mtu mwenye busara atakayelilalamikia.

Wapo pia wanaosema simili ya zamani inaunguza mapaja kwenye jua la adhuhuri, na kwamba kitambaa cha kisasa kinastahimilika. Ni kweli inaunguza. Tena joto hilo hilo huifukuza ile dawa ya kulainisha iliyochanganywa ndani ya simili kiwandani, ikakauka na kupasuka. Lakini dawa ya tatizo hili tunayo sokoni: foronya ya kitenge, iliyoshonwa kwa vipimo vya kiti na kufungwa kwa kamba. Inafuliwa, inabadilishwa, inampendeza mwenyewe, na inaikinga simili na jua. Chini yake kiti cha zamani kinaendelea kuishi. Sijaona katika vitabu vya Wazungu suluhisho linalotenduka kwa urahisi kuliko hilo.

Kisha kuna wanaofikiria thamani. Nairobi yapo mashindano ya Africa Concours d'Elegance, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi hukagua gari nje, ndani na chini. Mtu anayeota kulifikisha gari lake pale atasema waamuzi wanataka ndani ing'ae. Lakini hata katika mashindano makubwa ya Marekani, kule Pebble Beach, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yapo makundi maalumu ya magari ambayo hayakufufuliwa, yaliyotunzwa tu na uchakavu wake, na wanunuzi wameanza kulipa zaidi kwa kiti kilichofifia cha kweli kuliko kipya kinachong'aa. Wapo na wale wanaotaka kuligeuza 504 la abiria lionekane la rali, kwa kuwa Peugeot ilishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwa 504 mwaka 1975 na 1978. Wanang'oa kiti kirefu cha mbele, wanaweka viti vya mbio. Nawaelewa, fahari ile ni yetu sote Afrika Mashariki. Ila gari lililobeba wagonjwa, maharusi na walimu miaka 40 lina fahari yake, na kulivisha nguo ya mshindi wa rali ni kulinyang'anya jina lake.

Limebaki pingamizi moja, nalo sitaki kulikwepa. Kuna watu walio kwenye mahema, kuna nyumba zilizomezwa na ziwa, kuna vijana wasiojua kesho. Katika hali hiyo, kuzungumza juu ya simili ya kiti ni kufuru. Nalisikia. Ila tazameni kazi yenyewe ni ya nani. Cherehani inayoshona kiti cha gari la zamani ndiyo inayoshona makochi, viti vya taksi, turubai za malori na foronya za hospitali. Kijana aliyejifunza kufumua kiti bila kukichana, akachukua kielelezo, akakata bila kupoteza simili, ana ufundi wa kuuza katika kila nyumba ya mji huu, kukiwa na amani au pasipo amani. Gari la zamani linamlazimisha kujifunza subira ambayo gari jipya halimdai. Na kuna jambo jingine lisilopimika kwa pesa. Tulichoporwa mara nyingi ni kumbukumbu: picha zilichomwa, karatasi ziliozea majini. Kiti chenye viraka vitatu vya rangi tatu, kilichokaliwa wakati wa Zaïre, kikafichwa 1996, kikaloweshwa 2020, ni mojawapo ya karatasi chache tulizobakiwa nazo. Kukisoma kabla ya kukibadilisha hakumnyimi chakula mtu yeyote.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwenye gari aliyeko Kalundu leo, aliyesimama na fundi wake mlangoni, nitamwomba kwanza apige picha za ndani yote kabla ya kufungua hata skrubu moja. Kila kinachotolewa kiingie ndani ya gunia, kiandikwe kimetoka wapi na tarehe gani, na gunia hilo lining'inizwe juu, mbali na panya na maji. Simili mpya ikishashonwa, kipande cha ile ya zamani, ukubwa wa kiganja, kishonewe ndani ya kiti upande usioonekana, pamoja na karatasi ndani ya nailoni yenye jina la fundi, tarehe, na maelezo mafupi: tandiko la dereva jipya, springi za zamani, simili ya nyuma haikuguswa. Atakayekifungua kiti hicho miaka 30 ijayo hatakuwa na haja ya kumtafuta mtu wa kumsimulia.